Nimelipia servisi kubwa, nimerudishiwa gari na karatasi ya tiki

Gereji yenyewe sitoitaja. Ni ya wakala aliyeniuzia gari, ipo hapa hapa mjini Unguja, na mwenye gari iliyo ndani ya waranti atanifahamu bila ya jina. Hukumu yangu naitoa mwanzo: msiende. Najua wengine hamna hiari, kwa sababu mmeambiwa servisi ikifanywa kwingine waranti inakufa. Basi nendeni, lakini nendeni na macho yenu.

Habari za gari inakula mafuta kiasi gani na ina nguvu gani ziko kila pahali, sina haja nazo. Nataka kusema juu ya kitu kimoja tu: ukilipia servisi kwa wakala, unalipia nini hasa?

Kabla ya Ramadhani gari ilikuwa inakaribia kilomita 40,000. Nikapiga simu, nikaambiwa hiyo ni servisi kubwa, na bei yake nikatajiwa. Si bei ya mshahara wa mwalimu, lakini gari ndiyo inayompeleka mama yangu kliniki, kwa hivyo sikubishana. Nikauliza waziwazi: ndani yake mna nini? Kijana wa upande wa pili akanijibu, "Kila kitu dada, usiwe na wasiwasi, gari itatoka kama mpya."

Gari ikatoka kweli, imeoshwa, inanukia, na stika ya servisi ijayo imebandikwa juu ya kioo. Nikapewa na karatasi ndefu ya mistari, kila mstari una tiki. Filta ya hewa, tiki. Filta ya AC, tiki. Mafuta ya breki, tiki. Maji ya rejeta, mikanda, plagi, betri, tairi, tiki tupu mpaka chini. Nikaondoka nimeridhika, na nikawasifu kwa wenzangu skulini.

Siku chache baadaye nilikuwa nampeleka mama hospitali ya Mnazi Mmoja. Mama ana pumu. Vioo vilikuwa juu kwa sababu ya vumbi, maana njia zetu nyingi zimechimbwa kwa ujenzi, na AC nimeiwasha. Akaanza kukohoa, akakohoa mpaka nikaiweka gari kando. Ndani mlikuwa na harufu ya ukoga. Nikazima AC, nikateremsha vioo, tukaenda hivyo hivyo na vumbi letu.

Kurudi nikapita kwa fundi wetu Mwanakwerekwe, mtu mzima, hana bango wala kaunta. Akafungua kisanduku cha mbele ya abiria, akakiteremsha kwa mikono mitupu, akachomoa filta ya AC, ile inayochuja hewa mnayovuta ndani ya gari. Jamani! Nyeusi. Ina majani makavu, ina vumbi lililogandamana, na pembeni imeota ukoga. Akanitazama akasema, "Mwalimu, hii tangu gari itoke kiwandani haijaguswa." Nikamwonesha karatasi yangu ya tiki. Akaisoma taratibu, akanirejeshea, hakusema neno. Filta mpya tukaipata duka la spea la jirani, na kuitia haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akafungua boneti akanionesha kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta hayo yakiwa mapya huwa na rangi ya manjano iliyofifia, yanapitisha mwanga. Yangu yalikuwa rangi ya kahawa.

Nikarudi kwa wakala siku ya pili, na ile filta mbovu ndani ya mfuko wa plastiki.

Na hapa ndipo penye hasira yangu yote, kwa hivyo mnistahamilie. Kaunta palikuwa na kijana, shati limepigwa pasi, kadi ya jina shingoni. Nikamsalimu. Akaitikia huku anaangalia simu. Nikaiweka filta mbele yake na karatasi pembeni, nikamuuliza: hapa mmeweka tiki, na hichi nini? Akaitazama filta, akasema, "Tiki maana yake imekaguliwa. Haimaanishi imebadilishwa."

Nikasema haya, imekaguliwa. Aliyeikagua aliiona hivi?

"Ndiyo."

Na akaiona kuwa ni nzima?

Akacheka. Wallahi alicheka. Akasema, "Dada, filta ya AC haimo kwenye servisi, ni kitu cha ziada. Mteja akitaka anaomba." Nikamwambia niliuliza kwa simu, nikajibiwa kila kitu. Akasema hajui nilizungumza na nani. Kisha akasema hili, na watu walikuwa wamekaa nyuma yangu wanasikia: "Ingekuwa vizuri mzee mwenyewe aje tumwelekeze, haya mambo ya gari ni ya kiufundi kidogo."

Mzee mwenyewe! Gari ina jina langu, risiti ina jina langu, pesa imetoka kwenye mshahara wangu. Nafundisha fizikia. Sikumwambia, kwa sababu hata kama nisingelijua kusoma ilikuwa haki yangu kujibiwa. Nikamwambia tu, mzee hayupo, nielekeze mie. Akanipa mgongo akaenda kujibu simu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa nyuma, ovaroli limejaa grisi, aliyekuja kaunta kuchukua ufunguo. Alisikia. Akaniambia, "Mwalimu, njoo nikuoneshe," akanifungulia kitabu cha gari yangu mwenyewe, kile kinachokaa ndani ya gari na hakuna anayekisoma. Kule nyuma mna jedwali. Juu kilomita na miezi, pembeni vifaa, na katikati ni herufi mbili tu: I ni kukagua, R ni kubadilisha. Servisi ndogo, kwa gari nyingi, R zake hazizidi mbili: oili ya injini na filta yake, na ringi ndogo ya nati ya kumwagia oili huenda pamoja nazo. Vyengine vyote ni I. Servisi kubwa inaongeza R chache, kama filta ya hewa ya injini, na katika gari yangu mafuta ya breki. Plagi za iridiamu, madini yanayochelewa kulika, zinaweza kufika kilomita 100,000, kwa hivyo zile wala hazikuwa zamu yake.

Basi bei yote ile sehemu kubwa ni ya macho. Macho na mikono: gari inapandishwa, tairi zinazungushwa, pedi za breki zinapimwa unene, kompyuta inachomekwa kusoma kama kuna hitilafu iliyojificha. Fundi akanieleza kuwa kazi hiyo ina thamani, na mie namkubalia. Nakubali pia kuwa oili waliyotia ni ya asili na ya kiwango sahihi, kwa sababu nimeiona kwenye ankara na yule fundi wangu wa Mwanakwerekwe ameithibitisha. Kwa hilo nawapa haki yao. Mtaani ukikosa bahati unatiliwa oili ya pipa isiyojulikana ilikotoka.

Lakini ukaguzi usio na matokeo ni ukaguzi gani? Ni sawa na kumlipa daktari akuangalie jino bovu, kisha akuandikie "limeangaliwa" na akupe kwaheri. Karatasi yao ina nafasi ya kuandika "inahitaji kubadilishwa". Ipo, nimeiona kwa macho yangu, safu nzima, na kwangu imeachwa tupu kutoka juu mpaka chini. Mtu aliyekaa na gari yangu tangu asubuhi hakuona hata kitu kimoja cha kuniambia?

Na mafuta ya breki je? Yale si I, ni R, kitabu chao wenyewe kinasema. Mafuta hayo yanavuta unyevu kutoka kwenye hewa, na hewa yetu sisi watu wa kisiwani ni maji matupu. Unyevu ukizidi, mafuta yanachemka kwa joto dogo zaidi, breki inakuwa laini, na vyuma vya ndani vinaliwa na kutu. Ndiyo maana yanahesabiwa kwa miaka hata kama gari haitembei sana, kwa kawaida kila miaka miwili. Nikamuuliza yule fundi mbona hayakubadilishwa. Akaangalia chini, akasema kwenye oda ya kazi hayakuandikwa, na yeye anafanya kilichoandikwa. Aliyeandika oda ni nani? Kaunta.

Nikaichukua ankara nikaisoma upya pale pale. Mna chupa ya dawa ya kusafishia injekta, yaani vile vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Sikuiomba. Mna "vifaa vidogo vidogo", yaani matambara na spirei. Sikuvikataa lakini sikuambiwa. Pesa ya hiyo chupa peke yake ingenunua filta ya AC na chenji ingebaki. Niliyoyahitaji hayamo, nisiyoyaomba yamo! Sasa hiyo dawa mbona haikusubiri mteja aombe?

Kuna jambo jengine limo kwenye kitabu na sijawahi kulisikia likitajwa pale kaunta. Lile jedwali ni la gari inayotembea katika hali nzuri. Kuna ukurasa wa pili wa hali ngumu: vumbi, njia mbovu, safari fupi fupi ambazo injini haipati kupata moto sawasawa, kukaa foleni. Nitajieni gari ya Unguja isiyokuwamo humo. Mie natoka Fuoni naenda skuli, narudi, jioni Darajani, basi. Katika hali hiyo oili na filta zinatakiwa zibadilishwe mapema kuliko stika inavyosema. Stika yangu imeandikwa kilomita za hali nzuri. Nani aliyewaambia kuwa naishi kwenye hali nzuri? Na chumvi ya bahari inayokula vyuma vya chini haina hata mstari wake kwenye karatasi yao.

Nikaomba kuonana na meneja. Nikaambiwa yuko Dar. Nikaacha barua na nakala ya ankara. Tangu hapo masika yameingia na yametoka, sijapigiwa simu. Mwenzangu mmoja kanishauri niende kwenye ile tume ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na huenda nikaenda. Kwanza nilisema filta moja si jambo la kupeleka mbele. Kisha nakumbuka mama alivyokuwa anahema pale kando ya njia, nakumbuka na kile kicheko, naona ni jambo.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kuwa kazi yao ya mikono ni nzuri na ubaya uko kaunta peke yake. Yule kijana wa ovaroli anastahiki kusifiwa, na nati zangu zilikazwa sawasawa, hakuna tone lililovuja. Lakini kila nikiandika najiuliza: kama tiki ya filta ya AC ilikuwa ya uongo, tiki ya pedi za breki nayo ni ya nini? Nitajuaje kama gurudumu lilivuliwa? Hapana. Siwezi kuisifu kazi ambayo ushahidi wake ni kalamu iliyopita chini moja kwa moja bila ya kunyanyuliwa.

Servisi ijayo nitakwenda na nakala ya lile jedwali, na kabla sijatoa ufunguo waniandikie kila R kwa bei yake, na kila I waniandikie walichokiona: pedi zimebaki milimita ngapi, betri imesoma volti ngapi, filta ipigwe picha. Wasipotaka, sitoi pesa.

Na mwenye gari aliyewahi kubadilishiwa mafuta ya breki pale, aniambie alilipa kiasi gani. Mie nimetajiwa bei mbili tofauti, siku moja, na watu wawili wanaokaa meza moja.