TWA Hotel, JFK: lobi kwanza, chumba baadaye

TWA Hotel iko kwenye terminali ya zamani ya shirika la ndege la TWA, uwanja wa ndege wa JFK, New York. Anayetoka Nairobi na Kenya Airways hushukia Terminal 4, na jengo hili halioni njiani: limekumbatiwa kwa nyuma na Terminal 5 iliyofunguliwa 2008. Panda AirTrain, treni ya uwanjani, haina nauli kati ya terminali, ushuke ya 5. Hoteli iko nje ya eneo la ukaguzi, kwa hiyo kurudi kwenye ndege ni foleni upya.

Msanifu majengo Eero Saarinen alilichora ila hakuliona likifunguliwa 1962. Alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Mwaka 2001 milango ikafungwa, na hoteli ikaja kufunguliwa Mei 2019.

Ukitaka kuona kazi ya mafundi, inama. Vigae ni vidogo vya duara, kama vifungo vya koti. Vinapanda kutoka sakafuni, vinajikunja kuwa kaunta, vinaendelea ukutani, na pembe huioni. Vigae vya kawaida vya dukani vingeacha viraka, ikabidi vitengenezwe vipya kwa oda ili vifanane na vya zamani. Vioo vya madirisha, 486, karibu kila kimoja na umbo lake, navyo vilibadilishwa vikashikwa kwa mipira ya neopreni, yaani mpira wa kiwandani. Kwenye madirisha ya aina hii mpira ndio huzeeka kwanza: jua linaukausha, unapasuka, mvua inaingia. Juu, magamba manne ya zege ya paa yamekaa kwenye nguzo nne zenye umbo la Y, na mwanga unapenya kwenye mistari ya vioo kati yake. Fika mchana.

Mapambo ya kale, mpaka simu za kuzungusha namba vyumbani, hapo wametia chumvi. Lakini ubao wa safari wa Solari, vibao vikigeuka tiki-tiki-tiki, unastahili dakika zako.

Vyumba 512 viko kwenye mabawa mawili mapya. Ndani ya jengo la Saarinen halali mtu. Ukuta wa kioo una tabaka 7, unene wa inchi 4.5, na ndege inapaa mbele yako kama sinema iliyozimwa sauti. Omba chumba kinachotazama njia ya ndege, vinginevyo raha hiyo huipati. Mwenye saa chache tu anaweza kukodi chumba kwa mchana. Asiyehitaji kitanda akae lobi, kuingia ni bure.