Sauti ya Sinema Sebuleni Mombasa: Mashine Ipi Ununue

Kabla ya kuhesabu spika, geuza mashine utazame nyuma. Ikiwa na tundu la HDMI ARC au la optiko, pamoja na nembo ya Dolby Digital, itapokea njia tano za sauti na moja ya besi (ndiyo maana ya "5.1") kutoka kwenye televisheni. Ikiwa na RCA mbili tu, nyekundu na nyeupe, na bluetooth, zinaingia njia mbili, na spika za nyuma zitarudia yale yale ya mbele. Ndiyo sababu wufa nyingi zilizoandikwa "5.1" hazimo kati ya mashine tatu tulizozipanga hapa chini. Kwa taarab zinatosha. Kwa filamu, hapana.

Ya kwanza ni risiva ya 5.1, yaani ampilifaya inayogawa sauti kwa kila spika, na spika za kununua moja moja. Spika ikifa, unabadilisha hiyo tu. Pesa zikibana, anza na mbili za mbele na ya katikati, za nyuma zifuate. Ya katikati usiifanyie ubahili, maana maneno ya waigizaji karibu yote hupita humo. Risiva ya mtumba haina ubaya, ila soma kibandiko: 220–240V. Ya 100V kutoka Japani au 120V kutoka Marekani itaungua ukiichomeka moja kwa moja kwenye stima yetu. Bonyeza pia ukingo wa koni ya spika kwa kidole. Wa mpira hudumu. Wa sponji humomonyoka, na unyevu wa pwani huuharakisha.

Ya pili ni saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni, yenye spika halisi za nyuma. Inamfaa mpangaji, au mwenye nyumba ya mawe Mji wa Kale asiyetaka kutoboa kuta. Hizo za nyuma huitwa "zisizo na waya", lakini nyingi zinahitaji soketi ya stima, basi hakikisha ipo nyuma ya kochi. Saundiba pekee hutegemea sauti igonge ukuta irudi; madirisha yakifunguliwa kupata upepo, haina pa kugonga.

Ya tatu, hom thieta ya kasha moja. Ni rahisi kufunga, lakini spika zake mara nyingi ni za ohm 3 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na plagi za pekee. Mashine ikifa, huzihamishii kwenye risiva ya ohm 6 au 8 bila kuihatarisha.

Waya ununue wa shaba tupu, milimita mraba 1.5, huo unatosha hadi mita 15 kwa spika za ohm 8. Ule wa alumini iliyopakwa shaba uuache dukani. Hewa ya chumvi huifanya shaba iliyo wazi iwe kijani, kwa hiyo kata ncha hizo, menya upya, ufunge kwa plagi za banana. Nyekundu iende kwa nyekundu: spika moja ikigeuzwa, besi hupwaya.

Spika za nyuma zikae ubavuni, zikirudi nyuma kidogo ya kochi, sentimita 30 hadi 60 juu ya masikio. Kochi lisiegemee ukuta. Kwenye mipangilio ya risiva (crossover), spika ndogo zikate kwenye hezi 80, chini ya hapo ibebe sabwufa, spika ya besi. Sakafu ya vigae huleta mwangwi unaomeza maneno. Zulia nene mbele ya kochi na mapazia mazito husaidia kuliko kuongeza sauti.

Zikinyamaza za nyuma baada ya yote hayo, ingia mipangilio ya sauti ya televisheni, utoe PCM, ambayo hapa hupitisha njia mbili tu, uweke Auto au Bitstream.