Kifimbo cha kupakia losheni ya jua mgongoni: cha sponji achana nacho, chukua cha gololi

Hii ni kwa wenzangu wenye ualbino mnaokaa wenyewe geto hamna wa kumwambia nipake hapa, na yeyote ambaye mkono haumfiki kati ya mabega. Usiseme si navaa tu fulana, fulana nyeupe nyepesi inapitisha jua vizuri tu, ikilowa jasho ndo kabisa.

Vipo vya aina mbili, nimevinunua vyote Kariakoo, mpini ni uleule mrefu wa kukunja, tofauti iko kichwani.

Cha sponji elfu nane, na ndo hasara yenyewe. Sponji inakunywa losheni mpaka ishibe ndo ikupe na wewe, ukikandamiza inachuruzika kwenye mpini, na losheni yenyewe ni ile Kilisun ya hospitali ya KCMC Moshi tunayopewa kliniki, inatakiwa ifike mpaka zamu ijayo sasa ukianza kulisha na sponji utafika kweli? Mtu mzima mwili mzima anataka kama mililita 30 kwa mara moja na ukiwa juani unarudia kila masaa mawili, piga hesabu mwenyewe. Halafu haikauki, inaanza kunuka.

Cha gololi elfu kumi na tano. Unaweka losheni juu ya gololi, unaviringisha kwanza kwenye mkono zilowe (losheni nzito inagoma mwanzoni), ndo unapeleka mgongoni. Hakinywi kitu, kinaoshwa kwa sabuni dakika moja. Shida ni kwamba kinaacha mistari, na mstari uliorukwa jioni unauona mwekundu, kwa hiyo pitisha juu chini kisha rudia kwa kukatiza kushoto kulia. Kioo kwangu hakina msaada, macho yetu mnayajua, na losheni nyeupe kwenye ngozi yangu hata anayeona vizuri haioni, so napiga picha mgongo kwa flashi ya simu nazumu, palipopakwa panang'aa.

Ya kupuliza? Nusu inaenda na upepo na bado inataka kusambazwa, uko palepale.

Kiungo cha mpini kinalegea, changu nimekizungushia soltepu. Nyota 4, ya tano waje kuichukua wakitengeneza kichwa chembamba kinachopita chini ya mkanda wa sidiria.