Gari la umeme Tabora, na fundi aliyetaka nimwite mume wangu

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu kiangazi. Leo naliandika.

Nyumbani tuna magari mawili. Pikapu ni ya mume wangu, inakwenda Sikonge kwenye mizinga yake na kurudi na madumu ya asali. La pili ni langu mimi: gari dogo la umeme, mtumba wa Japani, nimelinunua kwa fedha za kikoba na mkopo wa kazini. Nasisitiza kuwa ni langu, mtaona kwa nini.

Ilikuwa Jumamosi, jua kali lile la Oktoba ambalo hata kivuli cha mwembe hakikusaidii. Niliegesha karibu na soko kuu, nikawaacha watoto wakisikiliza redio ya gari, milango wazi, nikaingia kutafuta migebuka. Nikakawia. Kurudi, nabonyeza kitufe cha kuwasha: taa zinapepesa kidogo, kisha kimya. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimelichomoa kwenye chaji likiwa limejaa pomoni!

Vijana wa bodaboda wakaja kusukuma. Halikwenda hata hatua moja. Kumbe kufuli yake ya maegesho inaendeshwa na umeme. Umeme ukikosekana, matairi ya mbele yanabaki yamebanwa. Siku ile sikulijua hilo. Niliwaona tu wanaume watano wakihema juu ya gari dogo kama wanasukuma nyumba.

Akaitwa fundi mwenye gereji yake mjini. Jina sitalitaja. Hakunisalimia. Alifungua boneti, akaangalia, akacheka, akasema: "Mama, hii siyo pasi. Mpigie mzee mwenye gari aje tuongee." Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akanipa mgongo, akaanza kuwaeleza vijana wa bodaboda, mimi nimesimama palepale: betri kubwa imekufa, hayo ni mamilioni, magari haya si ya huku kwetu. Halafu akadai 30,000 ya kupima. Kupima na nini? Mkononi hakuwa na kipimo chochote! Nililipa kwa sababu watoto walikuwa wanalia kwa joto na watu wametuzunguka. Nikiandika hapa mikono bado inanitetemeka.

Kisha akataka kuleta bredauni aliburute hadi gerejini kwake. Aliburute na matairi ya mbele yamebanwa, na mota iko hukohuko mbele. Namshukuru Mungu nilikataa. Nikampa mlinzi wa maduka elfu tano, gari likalala pale.

Usiku ule mngeniuliza, ningewaambia msiguse kabisa magari haya. Nilikuwa nimeshaandika tangazo la kuliuza.

Kesho yake jirani akaniletea kijana anayefunga sola mitaa ya Ng'ambo. "Shikamoo mama. Tatizo lilianzaje?" Nusura nilie, maana tangu jana hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikamsimulia, na ya redio nikamwambia. Akaweka mita kwenye betri ndogo, ile ya volti 12 kama iliyomo kwenye magari mengi ya kawaida. Ikasoma 8 na pointi. Akanieleza taratibu, akinionyesha kwa kidole. Betri kubwa ndiyo inayoendesha gari, lakini swichi zinazoruhusu umeme wake utoke zinategemea ile ndogo. Ndogo ikiisha, kubwa hata ikiwa imejaa haina pa kupita. Na ukifungua redio bila kuliwasha gari lenyewe, ndogo inanyonywa tu, kubwa haiichaji. Akavuta waya kutoka kwenye pikapu ya mume wangu, akabusti, gari likawaka. Hata dakika kumi hazikutimia. Betri ndogo ilikuwa imechoka, nikanunua mpya, laki na kitu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mamilioni ya yule bwana.

Sasa niliseme gari kwa haki yake. Luku ya 10,000 inanipa yuniti 28 hivi, na kwa hizo nazunguka shule, kazini na sokoni zaidi ya kilomita 150. Kwa petroli, 10,000 haifikishi hata lita nne. Mwanzoni waya wa kuchajia ulikuwa unagoma, taa nyekundu kila usiku, mpaka fundi umeme alipochimbia upya rodi ya athi, ile nondo inayounganisha umeme wa nyumba na ardhi. Udongo wetu wa kichanga ukikauka haupitishi umeme vizuri. Tangu hapo shwari. Betri ya gari langu haina mfumo wa kuipoza na joto linaila, kwa hiyo nachaji usiku wa manane kukishapoa.

Lakini kama ndilo gari pekee mtakalokuwa nalo, hapana, nisingewashauri. Nzega ni zaidi ya kilomita 100, sijathubutu kwenda nalo, nahofia chaji kuniishia njiani. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi naiomba pikapu, na tumeshanuniana na mume wangu kwa hilo. Aliyeniuzia naye nina hasira naye: alinisifia mpaka redio, habari ya betri ndogo hakuigusa. Neno moja tu lingeniepusha na aibu ile ya sokoni.

Hata hivyo tangazo nililifuta. Mume wangu mwenyewe siku hizi akiwa na safari ya mjini tu ananiomba funguo, nami nampa.

Wiki chache baadaye nilipita gerejini kwa yule fundi, naendesha mwenyewe. Nikashusha kioo, nikamwomba 30,000 yangu. Akasema atanitafuta. Simu yangu iko wazi tangu siku hiyo, na fedha ile nitaifuata tena.