Nyota tano kwa Carrbridge, nyota moja kwa aliyeniuzia bapa la chensoo

Mimi ni mchongaji wa Wamunyu, Machakos. Babu alishika tezo, baba akashika tezo, na kwetu hata mtoto anamjua Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaja kutufundisha Wakamba. Chensoo, yaani msumeno wa mashine wenye mnyororo, nimeitumia miaka sita kwa vinyago vikubwa vya mahotelini. Ndugu yangu anayeishi Inverness ndiye aliyenilipia nauli niende kushindana Carve Carrbridge, mashindano ya wazi ya Uskoti ya kuchonga kwa chensoo.

Kijiji chenyewe ni kidogo, kiko kwenye eneo la milima ya Cairngorms, na kina daraja la mawe la mwaka 1717 ambalo mafuriko ya 1829 yaliliacha upinde mtupu juu ya mto Dulnain. Unapewa gogo na muda wa saa nne. Basi.

Nianze na lile duka la mtandaoni, maana lilikaribia kuniharibia safari. Chensoo yangu niliiacha nyumbani kwa sababu ndege haikukubali mashine iliyowahi kutiwa petroli, kwa hiyo nikapanga kuazima huko na kubeba bapa langu jipya la kuchongea, yaani ule upanga wa chuma ambao mnyororo huuzunguka, lile lenye ncha nyembamba yenye upana kama wa sarafu ya senti kumi ya Kimarekani. Bapa la kawaida lina ncha pana. Ukiligusisha vibaya kwenye mti, mashine inaruka na kukurudia usoni. Hili jembamba limetulia, unaweza kuingiza ncha yake na kuchimba jicho la sanamu. Muuzaji aliniapia kwamba linaingia kwenye chensoo yoyote. Si kweli hata kidogo. Saa moja kabla ya kuanza nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, boliti haziingii kwenye nafasi yake, tundu la oili limeangalia pembeni. Kabla hujanunua, geuza bapa lako la zamani usome namba zilizogongwa karibu na mkia wake, kisha umpe muuzaji hizo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mshindani wa jirani. Alifungua sanduku lake, akanipa chensoo yake ndogo ya akiba, bapa likiwa limeshafungwa. Akauvuta mnyororo kwa kidole kunionyesha jinsi ulivyolegea: ncha ile haina gia ya kuzunguka, ukikaza sana inapata moto na kuungua. Hilo sikulijua, na nina miaka sita kazini.

Nilimchonga babu amekaa kwenye kigoda, mikono yote miwili juu ya fimbo. Mikono niliibananisha na kifua kwa makusudi, kwa sababu mkono ulionyooshwa unakata nyuzi za mti na huvunjika. Dakika arobaini za kwanza nilikuwa naondoa mti tu kwa mashine kubwa ya kuazima, moshi na maranda mpaka ndani ya kola. Ukiwa na tezo unaweza kusimama, ukanywa chai, ukalizunguka gogo hadi likwambie. Hapa inabidi uwe umeshalimaliza kichwani kabla ya kuwasha.

Vidole vya babu vilinila karibu nusu saa. Kwenye muhugu, mti mgumu wa kwetu, kucha ingesimama yenyewe. Gogo langu lilikuwa msonobari mbichi wenye utomvu, na kila nilipobonyeza nyuzi zilichanika. Nikapunguza petroli, nikawa naigusisha ncha kama mtu anayepangusa vumbi kwenye picha. Kidole cha nne kikatoka na kifundo chake kilichovimba, vilevile alivyokuwa nacho.

Sikushinda. Wengine walikuwa mbali sana nami, hasa kwenye manyoya na nywele, na waamuzi walikuwa sahihi. Lakini sijawahi kuona watu wa kawaida wakisimama muda wote huo wakimwangalia mchongaji. Kwetu mtalii anafika kinyago kikiwa kimeshapakwa rangi ya viatu, kisha anaanza kuomba apunguziwe.

Jioni vinyago vilipigwa mnada. Babu alichukuliwa na mume na mke waliokuja na binti yao mdogo. Mtoto alikishika kile kidole kilichovimba, akauliza kama kinamuuma. Nikamwambia ndiyo, hasa wakati wa mvua.