Langhe Nebbiolo au Barbaresco? Divai mbili za ushirika mmoja

Zote mbili zinatengenezwa na Produttori del Barbaresco, ushirika wa wakulima wa zabibu huko Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Paroko wa kijiji cha Barbaresco ndiye aliyewakusanya wakulima 19 mwaka 1958. Leo ni zaidi ya familia 50. Zabibu nazo ni za aina moja, Nebbiolo, bila kuchanganywa na nyingine.

Kinachozitenganisha hasa ni muda. Kisheria, Barbaresco haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 26, na angalau 9 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao. Langhe Nebbiolo haibanwi hivyo. Hutoka mapema, na ndiyo maana bei yake ni nafuu.

Mdomoni, Langhe ina harufu ya waridi na cheri, uchachu wa kuchangamsha, na ukakasi wa wastani. Rangi yake iliyopauka isikudanganye, si divai nyepesi. Barbaresco ikiwa changa hukaza ufizi kama chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika. Ipe miaka kadhaa ndipo ilainike na kutoa harufu nzito zaidi. Ukiinunua uifungue jioni hiyohiyo, kwa maoni yangu umelipia usichokipata.

Kwa mlo wa kawaida wa tambi na mchuzi wa nyama, mimi nachukua Langhe bila kusita. Barbaresco ni ya mwenye mahali pa baridi pa kuihifadhi, na subira.