Tahadhari: diski za nje za «TB 2» kwa shilingi 90,000, ndani yake kuna kadi ya simu

Ndugu zangu, ninaandika tahadhari hii kwa yeyote ambaye simu yake imejaa picha za familia na ambaye ameanza kutafuta diski ya nje ya bei nafuu ili azihifadhi nyumbani. Hapa Dar es Salaam kuna diski zinazouzwa kwa punguzo kubwa, kupitia matangazo ya mitandaoni na kupitia mawinga wa Kariakoo, ambazo zimeandikwa terabaiti 2 lakini ndani yake hazina diski yoyote. Nilinunua mbili kwa shilingi 90,000 kila moja. Zote mbili zilikuwa na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, ile ile tunayoweka kwenye simu, na kwa sababu hiyo nimepoteza video za harusi ya dada yangu ambazo hazipo tena mahali pengine popote.

Tangazo lilisema kwamba mzigo umetoka Dubai na duka linafunga hesabu za mwisho wa mwezi, ndiyo maana bei imeshuka. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuliza bei katika maduka matatu, na hakuna lililonitajia chini ya laki mbili kwa diski ya ukubwa huo. Tofauti hiyo ilitakiwa initoshe, lakini winga aliyenipokea alinipeleka hadi kwenye fremu yenye bidhaa nyingi za kompyuta, muuzaji akachomeka diski kwenye kompyuta mpakato mbele yangu, na kweli ikasomeka terabaiti 1.81, yaani kiasi kile kile ambacho Windows huonyesha kwa diski halali ya terabaiti 2. Akanakili wimbo mmoja, akaufungua, ukaimba. Nikalipa kwa lipa namba iliyotokea kwa jina la mtu binafsi, nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine ina hitilafu, nikapewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono yenye maneno «waranti siku 3».

Nyumbani mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za ukoo wetu. Marehemu baba alikuwa akirekodi maulidi na harusi kwenye kaseti huko Tanga, nami kwa miaka miwili nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Nilianza na hizo, nikafuatisha picha za simu za mke wangu, kisha video za harusi ya dada, ambazo peke yake zilikuwa gigabaiti 46. Kazi hiyo niliifanya jioni baada ya kazi kwa muda wa wiki mbili, na kila siku nilifungua mafaili mawili matatu kuona kama yamefika salama. Yalifunguka. Nilipojiridhisha kwamba zaidi ya gigabaiti 200 zimeingia, nikafuta video kwenye simu ili kupata nafasi. Mpiga video naye alikuwa ameshafuta nakala yake zamani.

Siku dada alipokuja kuziangalia ndipo tulipogundua. Majina ya mafaili yote yalikuwepo, ukubwa wa kila faili ulikuwepo, tarehe zilikuwepo, lakini hakuna video hata moja iliyokubali kufunguka, na picha nyingi zilitokea nusu huku sehemu ya chini ikiwa ya kijivu. Kilichosalia kizima ni yale mafaili ya mwanzo kabisa. Sauti ya baba haikupotea, kwa kuwa kaseti zenyewe bado ziko kabatini. Za harusi zimekwenda.

Fundi aliifungua diski hiyo mbele yangu. Ndani ya kasha kulikuwa na kibao kidogo cha kielektroniki kisichozidi kidole gumba, kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa juu yake, kipande cha chuma cha kuongeza uzito, na gundi ya kuyeyusha iliyovishikiza vyote visicheze. Alinieleza namna udanganyifu unavyofanyika, na nimeona ni lazima niueleze hapa, kwa kuwa asiyeuelewa atadhani kwamba kuona «TB 2» kwenye kioo cha kompyuta ni uthibitisho. Kompyuta haipimi ukubwa wa diski, bali inaiuliza diski yenyewe ina nafasi kiasi gani, nayo hujibu kwa mujibu wa programu ndogo iliyomo ndani ya chipu yake. Anayetengeneza diski hizi hubadilisha programu hiyo ili chipu itangaze terabaiti 2, au 16, au kiasi chochote anachotaka. Unaponakili mafaili, gigabaiti za mwanzo huandikwa kweli. Kadi ikijaa, chipu huendelea kuiambia kompyuta kwamba kila kitu kimepokewa, ilhali data ama inatupwa, ama inaandikwa juu ya ile iliyotangulia. Orodha ya majina ya mafaili imekaa katika sehemu iliyo halisi, kwa hiyo majina hubaki yakionekana hata pale ambapo nyuma yake hapana kitu.

Nilijiuliza kwa nini nilipokuwa nikijaribu kila jioni mafaili yalifunguka. Jibu la fundi ni jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike: faili lililonakiliwa muda mfupi uliopita mara nyingi bado limo katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na ukilifungua papo hapo unasomewa nakala hiyo, si iliyo kwenye diski. Ni lazima uitoe diski kwa utaratibu, uchomoe, uzime kompyuta, uwashe, uchomeke tena, ndipo ulifungue.

Sasa rudini kwenye ile waranti ya siku 3. Mtu wa kawaida hajazi terabaiti 2 kwa siku tatu, na wala hajazi hata gigabaiti 64 ikiwa anahamisha picha kidogo kidogo. Muuzaji anajua kwamba kadi itafanya kazi vizuri mbele yako dukani, itafanya kazi vizuri kesho na kesho kutwa, na tatizo litajitokeza wakati karatasi yake imeshapitwa na muda. Nilipompigia, mara ya kwanza alisema nimeingiza virusi. Mara ya pili alisema niilete. Mara ya tatu simu ilikuwa haipatikani. Nilipokwenda, fremu ile ilikuwa ikiuza nguo za watoto, na winga akaniambia kwamba kazi yake ni kuleta wateja tu.

Udanganyifu huu si wa kwetu peke yetu, wala si mpya. Mwaka 2011 ilienea habari ya diski iliyopelekwa kwa mafundi nchini Urusi, iliyonunuliwa upande wa China kama ya gigabaiti 500, ambayo ndani yake ilikutwa flashi ya megabaiti 128 na nati mbili kubwa za chuma za kuongeza uzito. Mwaka 2022 mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alionyesha diski iliyotangazwa mtandaoni kuwa ya terabaiti 30, naye akakuta ndani kadi mbili ndogo zilizogandishwa kwa gundi. Kilichobadilika ni namba inayoandikwa juu ya kasha.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama bei, tazama kama kitu unachouziwa kinaweza kuwepo. Diski za kuzunguka, yaani za kawaida zenye sahani inayozunguka ndani, za ukubwa wa mfukoni, ambazo hutumia umeme wa waya wa USB peke yake, zilikomea terabaiti 5 kwa miaka mingi, na ile ya terabaiti 6 ilitoka mwaka 2024. Zinazozidi hapo ni zile kubwa za mezani ambazo huja na adapta yake ya umeme. Zile zisizozunguka, yaani SSD, zipo za mfukoni zinazofika terabaiti 8, lakini bei yake haikaribii hata kidogo bei ya diski ya kawaida. Mtu anayekuuzia «SSD ya TB 16» kwa bei ya viatu anakuuzia kasha.

Kasi nayo husema kweli mapema. Diski halali ya kuzunguka, ikichomekwa kwenye tundu la USB 3, kwa kawaida hunakili faili kubwa kwa megabaiti 100 au zaidi kwa sekunde, na SSD huenda mara kadhaa ya hapo. Yangu haikuwahi kupita 22. Niliona, nikadhani ni uchakavu wa kompyuta yangu.

Upimaji wenyewe ni wa bure. Ile diski ya pili, ambayo bado sikuwa nimeiwekea kitu, niliipima kwa programu ya H2testw, ambayo ilitoka katika jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Hujaza diski nzima kwa mafaili ya majaribio, kisha husoma kila moja kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwa kasi ile ndogo kazi ilichukua zaidi ya siku mbili, nikiomba umeme usikatike, na majibu yakaonyesha kwamba gigabaiti 58 ndizo zilizosomeka sawa, zilizobaki zote hazikuwepo. Kwa wanaotumia Linux au Mac ipo F3, inayofanya kazi ile ile. Njia ya haraka zaidi kwa Windows ni ValiDrive, iliyotolewa mwaka 2023, ambayo haijazi diski bali hugusa sehemu 576 zilizotawanywa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida humaliza kwa dakika chache. Hiyo unaweza kuiendesha ukiwa dukani, na muuzaji mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukukatalia. Akikataa, ondoka na fedha yako.

Naomba pia tusiwaonee wauzaji waaminifu, kwa maana nimesikia watu wakigombana dukani bila sababu. Diski ya terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931 haijaibiwa chochote: mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa mafungu ya elfu, Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024, na baiti zenyewe ni zile zile.

Kuna aina nyingine ya ulaghai ambayo haina kadi ndani, nayo ni diski iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato ya zamani, ikavishwa kasha jipya na kuuzwa kama mpya. Kuuza diski iliyotumika si kosa, na kwa mwenye kipato kidogo ni msaada. Kosa ni kuficha. Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imewaka tangu itengenezwe, na kwa kuwa mwaka una saa 8,760, diski «mpya» yenye saa 26,000 imeshafanya kazi karibu miaka mitatu usiku na mchana. Hata hivyo, namba hiyo nayo hufutwa. Mapema mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua diski kubwa za Seagate zilizokuwa zimetumika muda mrefu, nyingi zikidhaniwa kutoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia, ambazo saa zake zilirudishwa sifuri na kuuzwa kama mpya, na waliozinunua waligundua kwa kusoma kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM ambayo haikuwa imefutwa. Kama huko walidanganyika, sisi tusitegemee saa peke yake. Ingiza namba ya utambulisho ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama waranti yake ipo na inaanza lini. Diski zangu mbili, nilipozitazama kwa utulivu, zilikuwa na namba moja ile ile kwenye makasha yote mawili, chini ya nembo ya kampuni maarufu ambayo bila shaka haikuzitengeneza.

Kuhusu haki, nimejifunza kwamba karatasi ya mkono haisaidii. Risiti ya EFD ndiyo inayoonyesha jina la biashara na namba ya mlipa kodi, na «mashine ina hitilafu» lilipaswa kuwa neno la mwisho kati yangu na muuzaji yule. Bidhaa zenye nembo bandia ni suala la Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, nami nimepeleka kwao diski zote mbili pamoja na picha za tangazo. Polisi nao nimewapa namba iliyopokea malipo. Ukitapeliwa, usiitupe diski wala kasha lake kwa hasira, kwa kuwa hicho ndicho kielelezo chako.

Na kwa yeyote aliyenunua diski ya nje kwa bei ya namna hii katika miezi ya karibuni: usifute kitu chochote kwenye simu wala kwenye kompyuta mpaka uipime. Ikiwa umeshafuta, acha kuiandikia data mara moja, hata faili moja dogo, nakili kwanza yale yanayofunguka uyapeleke kwenye diski nyingine, kisha mpelekee fundi kadi iliyomo ndani, kwa sababu gigabaiti za mwanzo huenda bado zipo.